Noti ya Ufalme Iliyofuliwa

Jumanne, 1 Julai
Sikukuu ya Uhuru. Namshukuru Mungu kwa jicho alilonipa. Kwa mama Adija, mjane jirani yetu hapa Kamenge, nimeona noti ya miaka ya kwanza ya uhuru. Mwanawe Idi, fundi pikipiki, anayo nyingine. Hawajui thamani yake, masikini. Mama hakutaka pesa, alitaka kitenge. Nimempa kile cha mke wangu Rosette, sare ya sherehe ya mahari ya mdogo wake Jumamosi. Nitamuuzia noti Arnaud, mkusanyaji wa pesa za zamani kule Kiriri, ninunue kingine. Rosette hatajua.

Jumatano, 2 Julai
Noti chafu! Mtu amechorachora kwa wino mweusi juu ya neno “Ufalme”. Watoto wa mtaa hao. Nimeifua kwa sabuni, nikasugua wino kwa limao, uliobaki nikaukwangua kwa wembe. Kisha pasi. Imetakata kama shati la ubatizo.

Alhamisi, 3 Julai
Arnaud aliuliza nani kafuta wino. Nikajibu kwa fahari. Akakaa chini. Kumbe ufalme ulipoondoka, benki yenyewe ilichapa “Jamhuri” juu ya “Ufalme”. Wino huo ndio aliokuwa akiutafuta. Hata hivyo alinipa chai ya maziwa, nashukuru. Wakati natoka, Idi akaingia na noti yake, alama ya kidole cha oili katikati. Arnaud alimkumbatia.

Ijumaa, 4 Julai
Rosette amepindua godoro akitafuta kitenge. Nilimsaidia kutafuta, tena kwa bidii kuliko yeye. Akalia. Dada zake wote watavaa sare, yeye atakaa pembeni kama mgeni. Hapo niliumia kweli, nikasema yote. Hakugomba. Alisema tu, “Mi nakwenda kwa Adija. We baki na karatasi yako.”

Jumamosi, 5 Julai
Mama Adija amerudisha kitenge, tena amekipiga pasi. Noti aliikataa, alidai haitambui. Rosette alipendeza katikati ya dada zake, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akanitilia nyama kwenye sahani kwa mkono wake. Nimesamehewa! Nimeapa kutogusa noti ya zamani maisha yangu yote.

Jumapili, 6 Julai
Kiapo nimekishika. Hii ni sarafu. Ya enzi zilezile, nyeusi tii, ya Shakuru, mzee wa nyumba ya pili. Ameniachia kwa sufuria kubwa ya Rosette tu. Watu hawajui kutunza vitu. Asante Mungu kwa kuniumba msafi. Majivu nimeshachota, naanza kuisugua.