Gitaa la Pembe Mbili Kutoka Kimuli

Jumatatu, 1 Juni 1987. Kihanga.

Nimeanza daftari hili leo kwa sababu jambo kubwa linaanza, na nataka liwepo kwa maandishi. Mzee Kashaija, fundi cherehani na kiongozi wa bendi yetu, ametutangazia kwamba tarehe 27 tutapiga harusini Kimuli. Mzee Rwegoshora anamwoza binti yake Placidia. Watu watakuja hata kutoka Nyabiyonza. Batri mbili za gari zitachajiwa misheni kwa ajili ya amplifaya.

Nikamwomba nipige solo. Miaka sita nimepiga ridhim kwa gitaa kavu lililofungiwa kipaza sauti kwa mpira wa baiskeli. Sita. Mzee akajibu kwamba gitaa la umeme la bendi ni moja, na analo Fidele. Nimeyageuza maneno yake kila upande. Hakusema kwamba sijui solo. Alisema gitaa ni moja. Maana yake, yakiwa mawili tutaongea.

Fidele ni mtu wa umri wangu. Wazazi wake walitoka Rwanda, naye analima vibarua kwenye migomba ya watu. Hana shamba. Lakini akilishika gitaa lile, watu huweka pombe yao ya rubisi chini. Lazima ni gitaa. Ni zito, jekundu lililofifia, na mwili wake mnene umekatwa sehemu moja tu, upande wa chini ya shingo, ili mkono uingie na kufika sauti za juu. Kashaija alilitoa Kampala kabla ya vita. Huku kwetu jingine kama lile hakuna.

Kwa hiyo natafuta mbadala.

Alhamisi, 4 Juni.

Nimechunguza kwa siku tatu. Mibadala ni mitatu.

Kwanza, gitaa la kwaya ya Walutheri. Kubwa, lina uwazi ndani, zuri kwa macho. Tatizo, likisogea karibu na spika hulia lenyewe kabla hujaligusa. Tatizo la pili, mwalimu wa kwaya, Mama Laurensia, alisema halitoki kwenda kwenye pombe. Nikamweleza kwamba mchungaji amealikwa harusini. Akasema mchungaji ataondoka saa nane. Ni kweli, huwa anaondoka saa nane.

Pili, kutengenezewa jipya na Polikarpi seremala. Vitanda vyake ni imara. Aliniuliza gitaa lina miguu mingapi. Sikujua kama anatania.

Tatu, la Theoneste wa Kimuli, aliyelileta kutoka Bujumbura. Jembamba, jepesi, limekatwa pande zote mbili za shingo, kwa hiyo lina pembe mbili. Kokubanza, mke wangu, aliuliza kama pembe mbili ni bora kuliko moja. Nikamwambia bila shaka. Akaendelea kumenya ndizi.

Jumanne, 9 Juni.

Jana nilikwenda Kimuli kwa baiskeli, nikaondoka alfajiri. Theoneste alinipokea vizuri. Hakutaka mbuzi. Hakutaka kahawa, anayo yake. Akaiangalia baiskeli. Nikamweleza kwamba ile ndiyo inayopeleka kahawa yetu chama cha msingi cha ushirika, na huu ndio msimu. Akasema anaelewa kabisa, huku mkono wake uko kwenye tandiko.

Gitaa sikulisikia kwenye spika. Batri yake ilikufa tangu Pasaka. Lakini nilisimama nalo mbele ya kioo cha dirisha, na nilipendeza. Tukabadilishana.

Nilirudi kwa miguu hadi nilipopata lori la kahawa, nikakaa juu ya magunia. Kokubanza alikuja uani kunipokea. Akaangalia nyuma yangu, akitafuta baiskeli. Akaangalia gitaa. Akaingia ndani.

Leo asubuhi amejitwika kahawa kichwani na kuipeleka kwa miguu. Nilitaka kumsaidia, lakini vidole vya solo havipaswi kubeba vitu vizito.

Ijumaa, 12 Juni.

Mazoezi nyumbani kwa Kashaija. Nililivaa gitaa langu mbele ya wote. Nikaliachia kidogo nijifute jasho, na shingo ikaanguka chini, kichwa kikagonga goti langu. Nikaliinua. Likaanguka tena. Mwili ni mwepesi mno, shingo inauzidi. Kwa hiyo mkono wa kushoto unashikilia gitaa lisianguke, na kazi ya solo haina mkono wa kuifanya.

Sauti nayo ni nyembamba. Kashaija alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akauliza kama batri ni nzima.

Fidele alinifuata nje. Alisema si gitaa baya, ni mkanda tu. Huo wa nailoni unateleza. Nikate wa ngozi ya mbuzi, upande wenye manyoya ukae begani, shingo itatulia. Alisema kwa upole, bila kucheka. Nilimshukuru. Kisha nikaamua kutofuata ushauri huo, kwa kuwa mpinzani hawezi kukupa ushauri wa bure.

Tatizo ni mbao. Gitaa lake ni zito na lina mkato mmoja. Langu ni jepesi na lina miwili. Mkato mmoja umezidi. Unaweza kuzibwa.

Jumatatu, 15 Juni.

Kashaija amekwenda mazishini Nyabiyonza. Nikaenda dukani kwake. Mkewe, Mama Kantengwa, alikuwa anapiga pasi. Nikamwamkia, nikasema nimekuja kuangalia suruali yangu. Akanionyesha chumba cha nyuma, akarudi kwenye pasi yake. Mtu mwema. Sina suruali pale.

Gitaa jekundu lilikuwa limeegemezwa ukutani, uso umeelekea ukuta. Sikuthubutu kuligeuza. Nikabandika karatasi ya kaki mgongoni mwake, nikapita kandokando kwa chaki ya fundi mpaka umbo lote likatoka. Kazi safi. Niliongeza mshale mahali pa mkato, Polikarpi asikosee.

Ijumaa, 19 Juni.

Polikarpi amemaliza. Ameziba pengo kwa kipande cha mbao ya msizi, gundi na misumari mitatu, akapiga msasa hadi huoni muungano. Kabla ya kuanza aliniuliza azibe upande gani. Nikampa karatasi. Akauliza tena. Nikamwambia kazi yake ni kufuata karatasi.

Nililivaa pale pale karakana. Zito! Shingo haikuanguka. Nilijihisi mtu mwingine. Nikapandisha mkono kwenda sauti za juu, vidole vikagonga ubao.

Nikapandisha tena. Ubao.

Mkato uko juu, karibu na kidevu changu, mahali ambapo hakuna mkono unaopita. Chini, mahali pa mkono, pamezibwa. Tuliinamia karatasi muda mrefu. Hatimaye Polikarpi akaelewa, akauliza kama nililichora gitaa kwa mbele au kwa nyuma. Nikasema swali hilo lingeulizwa mapema. Akasema aliuliza mara mbili.

Sauti za chini bado zinafikika. Nyimbo nyingi nzuri ziko chini.

Jumapili, 21 Juni.

Naandika hili kwa shida.

Mazoezi ya mwisho, baada ya misa. Nilichagua kusimama karibu na spika, mahali pa Fidele. Yeye hakulalamika. Aliegemeza gitaa jekundu kwenye kiti, akaenda kunywa maji mtungini. Nikaona nafasi yangu. Nikaanza solo. Wimbo ulipofika pa kupanda sikuweza kupanda, kwa hiyo nikageuka kwa madaha ili watu waangalie mwili badala ya vidole. Nilisahau kwamba gitaa langu sasa ni zito. Lilinivuta. Likapiga kiti.

Gitaa jekundu lilianguka kifudifudi. Kichwa kilikatika pale kinapoungana na shingo, kikabaki kinaning'inia kwa nyuzi.

Fidele aliweka kikombe chini, akachuchumaa, akakirudisha kichwa mahali pake na kukishikilia. Alipoachia, kikaanguka tena. Hakuniangalia. Ingekuwa afadhali aniangalie.

Kashaija alitoka nje. Tulimwona amesimama kwenye migomba, mikono nyuma. Aliporudi, uso ulikuwa mkavu.

“Harusi ni Jumamosi,” akasema. “Anastazi, hilo lako litapigwa.”

Moyo uliruka. Naandika ukweli, uliruka.

“Mpe Fidele.”

Jumatano, 24 Juni.

Tulikuwa karakana, mimi na Fidele. Polikarpi aling'oa kipande cha msizi kwa patasi. Pamebaki makovu ya gundi na matundu matatu. Fidele alikuja moja kwa moja kutoka shamba la mtu, miguu ina udongo. Alikuwa na mkanda wa ngozi ya mbuzi ameukata mwenyewe. Akaufunga, akalivaa gitaa, akaachia mikono yote miwili. Shingo ikatulia.

Aliniuliza kama ninaridhia alipige. Nilikuwa nimeandaa jibu kali tangu Jumapili. Nikaangalia mikono yake, imepasuka kwa jembe, nikasema ninaridhia. Nikamwambia pia pole kwa lile jekundu. Akasema Polikarpi ataliunga, na lisipoungika basi.

Kisha akauliza kahawa yetu inafikaje chama siku hizi. Nikasema Kokubanza anaibeba. Akauliza huwa anaondoka saa ngapi.

Alhamisi, 25 Juni.

Leo asubuhi Fidele amekuja, akajitwika madebe mawili ya kahawa, akaenda na Kokubanza. Kwa vidole vile vile. Mimi nilikuwa bado napaka dawa mguuni, gitaa liliniumiza Jumapili. Kokubanza aliporudi alisema Fidele ni mtu mzuri. Nikasema sijakataa.

Jumapili, 28 Juni.

Harusi ilikuwa jana. Turubai mbili, ng'ombe mmoja, watu wasiohesabika. Mchungaji aliondoka saa nane.

Fidele alipiga. Ile sauti nyembamba niliyoidharau ilipita juu ya kelele za watu na ngoma, ikafika hadi kwa akina mama jikoni, wakatoka na miiko mkononi. Alipopanda sauti za juu, bibi mmoja mzee kabisa, Mukandekezi, alimpa jirani fimbo yake na kucheza bila fimbo. Placidia alilia, mama yake akalia, hata Theoneste, aliyekuja kwa baiskeli yangu, alisimama na mdomo wazi. Sidhani alijua kwamba alikuwa na kitu kama kile nyumbani.

Mimi nilipiga ridhim kwa gitaa kavu. Sikuwa na la kuwaza, kwa hiyo nilimsikiliza Fidele na kumfuata. Kokubanza alikuja mbele wakati wa kupumzika, akanipa maji. Alisema ridhim yangu ameisikia, na ilikuwa nzuri. Ni maneno yake marefu zaidi tangu tarehe nane.

Mzee Rwegoshora aliuliza gitaa hili zuri limeletwa na nani. Nikasimama. Watu wakapiga makofi, nami nikainama. Nilipokaa, Kashaija aliniinamia sikioni.

“Sasa umeona, Anastazi,” akasema. “Si gitaa. Ni mikono.”

Jumatatu, 29 Juni.

Sikufanya kazi nyingine leo, nimeyafikiria maneno ya Mzee. Na amesema kweli. Ni mikono. Nimeipima yangu kwa rula. Vidole ni vinene, na nyuzi sita kwenye shingo nyembamba zimebanana mno. Miaka yote hii kumbe nimepewa chombo kisicho na nafasi ya kutosha. Mkono kama wangu unahitaji nyuzi nne, nene, zilizoachana. Yaani besi.

Leonidas wa Nyabiyonza analo gitaa la besi, halipigwi na mtu. Shingo yake ni ndefu kama mwiko wa shereheni. Anataka mabati manne. Besi ya bendi anapiga Kashaija mwenyewe, lakini juzi kutwa alilalamika mgongo, na mtu wa umri wake anastahili kupumzika. Sitamwambia mapema, nataka iwe furaha ya ghafla.

Kokubanza amekwenda kwa dada yake hadi Alhamisi. Paa la jiko letu lina mabati kumi. Mvua haziji mpaka Septemba.