Ndoo Mia Tatu Kabla ya Juni Kuisha

Ijumaa, 26 Juni

Dada yangu, salamu nyingi. Goti limepoa? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nina jambo kifuani. Nitakuandikia kila siku ya kazi nikutumie kwa pamoja.

Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Jumanne. Pesa isiyotumika inarudi Hazina, na mwakani kifungu cha bajeti kinakatwa. Kifungu chetu cha usafi kimebakiza pesa. Kikikatwa, Mama Fagio anayetufagilia ofisi anakosa kazi, naye ana watoto watano. Mimi mtunza stoo nikae kimya? Nimeagiza ndoo mia tatu. Zimefika alasiri. Mambo safi.

Jumatatu, 29 Juni

Mhasibu kanicheka mpaka kavua miwani. Eti serikali haijali ndoo zimefika lini, inajali pesa imetoka lini. Nikamwambia ndoo hizi hapa, nimezikalia. Akasema, "Kaka, kwenye vitabu vyangu umekalia hewa."

Zikilipwa Julai, zinakula bajeti mpya. Yaani ya mwaka huu irudi, na ya mwakani iliwe na ndoo. Nimemponza mama wa watu mara mbili. Sikula mchana, nimefunga na kuomba.

Jumanne, 30 Juni

Hati ya malipo inataka sahihi ya mkuu. Mkuu yuko kwa daktari wa meno. Nikamfuata. Nikamkuta ganzi imemkolea, mdomo wazi, hawezi hata kunitukana. Daktari kaniuliza kama nina akili timamu. Nikapiga magoti, nikaiweka hati kifuani pa mgonjwa. Mkuu katia sahihi ili niondoke. Benki imelipa saa tisa na nusu. Nimerudi nikiimba zaburi njia nzima, watu wananipisha.

Jumatano, 1 Julai

Nimempa Mama Fagio habari njema. Kanishangaa. Kumbe ujira wake hutoka kifungu cha vibarua, na mkataba wake ulishaongezwa tangu Mei. Yeye shida yake ni ndoo zilizoziba mlango wa choo. "Baba, mimi nafagia. Ndoo mia tatu nizivae?" Tumecheka wote, mhasibu mpaka machozi.

Lakini nimepata somo, Dada: nilichelewa tu. Mwaka huu mpya naanza mapema. Nimeshaulizia bei ya mifuniko mia tatu. Kuna ya bluu na ya kijani, na muuzaji anangoja. Nijibu upesi.