Ngoma Iliyopotea Njia

Jumatano, 10 Aprili 1974
Leo kwenye mazoezi wimbo umekwisha, mimi bado napiga ngoma. Peke yangu! Kanisa zima likageuka kunitazama. Phanuel, anayeimezea mate ngoma hii tangu mwaka jana, akakohoa kwa furaha. Mchungaji kasema: Murunga, ukikosea kwenye maandamano ya Pasaka, ngoma ni ya Phanuel. Aibu gani hii! Zamani nilipiga ibada nzima bila kukosa, mke wangu Sella akiimba mbele yangu. Siku tamu zile. Tangu aende Lugari kumtunza mama yake, hata gazeti nasoma mstari uleule mara tatu na siambulii kitu.

Ijumaa, 12 Aprili
Jirani yangu, Mama Nekoye, ameuliza kama nalala. Nikamwambia nalala sana. Uongo mtupu. Akasema mimi si mzembe, nina huzuni na wasiwasi, na akili ikishughulika na hivyo viwili usiku na mchana haibaki na nafasi ya wimbo. Nipande basi, nikamwone mke wangu. Eti huzuni! Mwanamume mzima! Nina dawa yangu: pilipili. Naiweka shavuni. Mawazo yakianza kutoroka, nauma.

Jumapili ya Pasaka
Nimeuma. Mungu wangu! Machozi yakatiririka. Waumini wakadhani nimeshukiwa na Roho, wakazidisha kuimba. Maandamano yalipaswa kukata kona kwenda mtaa wa Riruta Satellite. Lakini kwetu watu hufuata ngoma, hawaangalii barabara. Nami nilikuwa namsikia Sella tu, anavyouvuta mwisho wa wimbo mpaka mchungaji anakunja uso. Niliposimama, tulikuwa steji ya basi, pale nilipoagana naye. Kanisa zima na kanzu zake nyeupe! Makanga wa basi akauliza kama sote tunaenda tao, mjini. Nililia, na pilipili ilikuwa imekwisha zamani. Nimemkosa sana Sella.

Jumatatu, 15 Aprili
Phanuel kapewa ngoma. Mchungaji hakunigombeza. Waumini wamenikatia tiketi ya Lugari, Mama Nekoye kanipikia chapati za safari. Watu wema. Lakini nikiondoka sasa, Phanuel atajiona mshindi! Tiketi nimerudisha. Chapati nimekula. Nimemwomba mchungaji nibebe bendera. Akasema kanisa halina bendera. Basi nitashona. Mwenye bendera hutangulia ngoma, na Phanuel atanifuata popote nitakapokwenda.