Injinia wa Mstari Mmoja

Ndugu wananchi wa Ifakara na vitongoji vyake, nautangazia umma kwamba kuanzia jana saa kumi jioni, mimi, mwanafunzi wa kidato cha tano niliye likizo, ni mhandisi wa kimataifa.

"Toa mguu kwenye benchi, Injinia," alisema Dionisi muuza kahawa, ambaye kijiwe kizima kinamwita Balozi. "Mama Tekla anataka kukaa."

Nilitoa mguu, nikatoa na shikamoo, kisha nikaendelea. Ile programu ya simu ya kupimia mpunga, nikawaeleza, ni programu huria. Yeyote duniani anaruhusiwa kuifungua, akarekebisha kosa, akawatumia wenyewe. Wakiridhika, simu zote zinapata marekebisho hayo.

"Mimi ndiyo naitumia hiyo," alisema Mama Tekla. "Na kesho madalali wanakuja kununua mpunga wangu kule shambani Kiberege. Umerekebisha nini?"

"Kosa kubwa, Mama. Ukiandika gunia la zaidi ya kilo mia, inapiga kelele na kugoma. Nimefuta mstari unaopiga kelele."

Balozi aliacha kumimina. "Yaani mbwa kabweka, wewe ukachinja mbwa?"

"Ndiyo uhandisi, Balozi."

"Na hilo kosa nani alikuonyesha?" aliuliza Mama Tekla.

Nilimtazama Festo. Festo alitazama kikombe. Festo ni dalali wa mpunga. Tunamwita Kilemba, kwa kuwa gunia likishajaa yeye hulivika kilemba: anaongeza debe zima juu, anashona, na bado analiita gunia moja.

"Mimi nilisema tu programu inanisumbua," alijitetea. "Msomi ni dogo."

"Inakusumbua kwa sababu inakukamata na hayo magunia yako ya lumbesa!" Mama Tekla alisimama. "Nikisema mimi, naitwa mkorofi. Ikisema simu, unafyata. Sasa huyu mtoto kaifunga mdomo!"

"Tena bure," alisema Balozi. "Kilemba hata kahawa hajamnunulia."

"Wenye programu wameshakubali?" Mama Tekla aliniuliza kwa sauti ndogo, iliyonitisha kuliko ile kubwa.

"Bado wanajadili, Mama."

Simu yangu ikalia mlio wa ujumbe. Jibu limeingia. Nilitaka kuificha mfukoni, Balozi akanidaka mkono.

"Soma," alisema Mama Tekla. "Kwa Kiswahili, na usiruke kitu."

Nikasoma. "'Asante kwa mchango wako wa kwanza. Hatutaupokea. Mstari ulioufuta unamlinda mkulima, na sababu yake imeandikwa hapo hapo juu yake.'"

Mama Tekla alishusha pumzi, akakaa. Nami nikaanza kuzima simu.

"Naona maneno mengine chini," alisema Balozi.

"Ni salamu tu."

"Zisome."

"'Umeandika kwamba umeyajaribu marekebisho haya na wakulima kumi wa Bonde la Kilombero. Tungependa kujua wao walisemaje.'"

Benchi zima lilinigeukia.

"Wakulima gani hao?" aliuliza Mama Tekla.

Nilivua kofia. "Nakiri, Mama. Wote kumi ni Festo, na hata yeye halimi."