Homa ya Mpakani

Jumatano, 4 Juni

Mke wangu anaondoka kesho. Kajiandikisha kwenye basi la watalii, nchi tatu kwa wiki moja, eti anakwenda kutembea. Kutembea gani na cherehani? Nimeiona imefungwa kwa shuka, iko mlangoni. Akivuka mpaka atashuka mji wa kwanza, kwa rafiki yake mwenye duka la nguo, na harudi. Kasema mwenyewe, kwa upole, huku akikunja nguo. Huo upole ndio ulionitisha. Angefoka ningelala.

Nami nimejiandikisha. Hajui! Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi nina siku moja tu. Mpakani tunafika kesho mchana.

Alhamisi, 5 Juni. Ndani ya basi

Kaniona. Hakunisalimia. Kakaa mbele, nyuma ya dereva, na mwalimu mstaafu. Mimi nimetupwa nyuma karibu na choo, pamoja na mzee mmoja fundi saa. Mzee anaongea. Anakwenda kumwona dada yake, yuko mahututi, na kwao walizaliwa wawili tu. Hana gari wala mtu wa kumpeleka, ndiyo maana kajiunga na watalii. Nikampa pole, macho yangu yakiwa kwenye kiti cha mbele.

Mpango wa kwanza. Nikamnong'oneza kiongozi wa msafara kwamba mimi na yule mama mwenye kilemba cha bluu tuko kwenye fungate, viti vimetutenganisha kwa makosa. Nilitarajia atuhamishe kimya kimya. Kachukua kipaza sauti! Basi zima likapiga makofi. Mke wangu akasimama, akawaeleza kwamba aliwahi kuwa na mume, kwa sasa hana, na yule bwana wa nyuma asisumbuliwe kwa ajili yake. Akakaa. Mtu mmoja aliendelea kupiga makofi. Nadhani hakusikia vizuri.

Siku hiyo hiyo, mpakani

Mpango wa pili, na huu ni wa akili. Mwanamke yule hawezi kumpita mgonjwa. Hata paka wa jirani alimuuguza. Basi niugue! Tulipokaribia kushuka nikaazima kikombe cha bati cha fundi saa, kina chai ya moto, nikakibandika kwenye paji la uso mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikashuka nikiyumba, nikigumia kwa upande wake.

Kumbe wiki hii mpakani kuna homa ya kuambukiza, na kila anayeshuka anapimwa. Mhudumu wa afya kanielekezea kidude chake usoni. Kikalia. Watu waliokuwa nyuma yangu wakawa hawapo tena.

Ningesema ukweli hapo hapo, yakaisha. Lakini mhudumu akauliza niliketi na nani safarini, kwa maana naye atatengwa pamoja nami. Chumba kimoja, mimi na yeye, mlango umefungwa kwa nje! Nikamnyooshea kidole mke wangu. Basi zima likakataa kwa sauti moja. Si mkewe, hawakuketi pamoja, katutangazia mwenyewe. Wakamwonyesha fundi saa.

Mzee hakubisha. Aliuliza tu kama itachukua muda mrefu.

Kabla ya basi kuvuka, mke wangu alikuja hadi karibu na dirisha la chumba tulichofungiwa. Nilikuwa nimeandaa kikohozi. Hakunipa nafasi.

"Nimekuuguza miaka yote ukiwa mzima," alisema. "Nimechoka. Leo wakuuguze wao."

Basi likavuka. Nimelitazama mpaka vumbi likatulia. Nampenda sana mwanamke yule. Nimelia, na safari hii kweli, ndipo muuguzi akaandika macho mekundu kuwa dalili ya pili.

Ijumaa, 6 Juni. Chumba cha kutengwa

Vitanda viwili vya chuma, ndoo, dirisha la wavu. Joto langu limekuwa la kawaida. Wanasema homa ya kupanda na kushuka ndiyo mbaya zaidi.

Mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Mpwa wake anapiga kila mara: mama anakuulizia. Mama bado anakuulizia. Katikati ya hayo mzee akaniuliza najisikiaje, akanifunika blanketi lake. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikakohoa.

Dada yake kafariki alasiri. Mzee akageukia ukuta.

"Aliniahidi atanisubiri," alisema.

Sikula chakula cha jioni. Au tuseme nilikula changu, cha mzee ndicho sikukigusa.

Jumamosi, 7 Juni

Vipimo safi, tumeachiwa. Mzee kavuka mpaka kwa miguu kuwahi mazishi. Alinishika mkono, akanishukuru kwamba hakuwa peke yake. Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Lakini nimejionea jambo. Tangu jana simu ya mzee haikupumzika. Binamu waliyegombana naye kwa ajili ya shamba, hawakusemezana tangu ujanani, kampigia akilia. Na mke waliyeachana naye zamani kapiga pia! Sauti laini kabisa, nimeisikia kwa masikio yangu, akisema yuko njiani. Msiba haususwi.

Nimerudi nyumbani kwa lori la saruji na nimewaza njia nzima. Kosa langu ni kwamba homa ni kitu kidogo. Nitafariki Jumatatu. Kaka yangu ndiye atakayempigia mke wangu, ana sauti nzuri ya huzuni. Akishafika na kulia vya kutosha, nitafufuka taratibu. Ningefariki kesho, ila sina shati safi la kulazwa nalo, na aliyekuwa akifua ni yeye.