Nani Anakula Bando la Warda?

Jumatatu, 26 Mei 2025. Ruaruke.
Bando linaliwa! Kheri, mpwa wangu aliye Dar, alitufungia dishi la intaneti juu ya bati la dada yangu Mwajabu. Giga hamsini kwa mwezi, basi. Leo zimebaki nane. Na Ijumaa saa tatu asubuhi mdogo wake Kheri, Warda, ana usaili wa chuo cha uuguzi kwa video. Zikiisha kabla, chuo hakuna. Nimewaambia watulie. Mimi niliyemshika mamba mkia nikamrudisha mtoni kwa kuwa ni mdogo, nitashindwa na mwizi wa hewa?

Mpunga wetu nyuma ya nyumba, salama. Tumbili hawasogei. Jirani Ismaily kauliza ngurumo ile shambani ni ya nani. Nikamwambia yangu. Kumbe nimeiacha simu na spika yake dunguni, kwenye jukwaa la kulindia, inapiga ngurumo za simba wa mtandaoni tangu alfajiri hadi magharibi. Mimi nalala chini ya mkorosho. Hili libaki humu daftarini.

Jumanne, 27 Mei.
Zimebaki sita. Mwizi ni Ismaily! Anakaa barazani kwake anatazama simu na kucheka peke yake. Nikabadilisha neno la siri. Jioni Mwajabu kaniuliza neno jipya ni lipi. Nimelisahau. Warda akarudisha la zamani bila kunisema. Mtoto ana adabu.

Jumatano, 28 Mei.
Nne. Nimegundua dishi limeelekea kwa Ismaily. Nikapanda batini, nikaligeuzia kwetu. Mtandao ukakata palepale, Warda yumo kwenye mazoezi ya usaili. Nikateleza, nikaangukia banda la kuku. Nimewaambia niliruka. Mwajabu alihesabu mayai kwanza, pole ikafuata. Aliyepanda kulirudisha dishi ni Ismaily. Unafiki mtupu.

Alhamisi, 29 Mei.
Mbili. Warda kafungua orodha ya simu zinazotumia bando. Ya Ismaily haimo. Inayokula, kutwa nzima, ni yangu. Akanifuata shambani. Simba ananguruma juu, mimi nakoroma chini. Nilingoja matusi. Akakaa karibu yangu, akasema, "Mjomba, niachie kesho tu. Nikishamaliza, simba wako arudi."
Roho iliniuma, naandika kweli. Nikaizima simu.

Ijumaa, 30 Mei.
Tumbili wamefika saa mbili na nusu, ukoo mzima. Simba sina. Nikapanda dungu, nikanguruma mwenyewe mpaka saa nne. Tumbili walikaa kunitazama, wakala nusu jaruba. Sauti imekauka, salamu naitikia kwa mkono. Ila mtandao haukukatika hata mara moja!
Warda anasema walimu walimuuliza ni mnyama gani analia huko nyuma. Akawajibu, "Ni mjomba wangu, analinda mpunga." Wakacheka sana. Mwishoni wakamwambia aanze kushonesha sare. Mwajabu kanipikia chai ya tangawizi, kaijaza sukari bila kuombwa. Ismaily kaja kunipa pole ya koo. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba leo nilinguruma kidogo tu.

Jumapili, 1 Juni.
Giga hamsini mpya zimeingia! Safari hii nimetumia akili. Nimekaa chini, nimelichunguza kosa langu, nimelikubali kiume. Simba ni mnyama mkubwa, lazima ale sana.
Leo nimeweka chui.