Nyuki wa Mzee Mogaka

Leo nimeadhirika. Nimeona niwaambie mwenyewe, wenzangu wa jukwaani, kabla hamjaisikia habari hii sokoni ikiwa imetiwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnajua ninavyomtaka Kemunto wa Marani. Mnajua pia kwamba baba yake, Mzee Mogaka, ni mzee wa kanisa na hapendi michezo ya kuigiza. Mshenga wangu alipomweleza kwamba mimi ndiye mwasha taa wa jukwaa letu hapa Kisii, mzee aliuliza neno moja tu: "Na mchana anafanya nini?"

Mshenga akataja kila kitu. Kwamba natengeneza stovu. Nanyoa watu. Nachonga vibakuli vya mawe ya Tabaka. Nafuga nyuki. Yote ni kweli, kwa kiasi. Stovu zangu huwaka. Vibakuli havikai sawa mezani. Nyuki nilikuwa nao mizinga miwili, wakahama masika bila kuniaga.

Basi mzee akashika hilo hilo la nyuki. Kundi lilikuwa limeingia ghalani kwake, watu wanaogopa kutoa nafaka ya wimbi. "Aje awatoe," akasema. "Nione kazi ya mkono wake."

Usiku sikulala. Nilijua nisipofanikiwa, Kemunto ataolewa na mtu wa kazi ya mchana. Kisha nikakumbuka nilichowahi kusikia, kwamba nyuki haoni rangi nyekundu. Nikachukua karabai yetu yenye kioo chekundu. Ninyi mlioungua jehanamu kwenye mchezo uliopita mnaifahamu.

Nikafika Marani kwa baiskeli. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya ghala. Kemunto alisimama mlangoni pa jikoni, akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe akivuka mto uliofurika. Mama yake hakuwepo. Alikuwa ameshuka mtoni makusudi, ili tusikutane. Si mnajua chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya; mtu na mama mkwe hata mkono hawapeani.

Nikafunga miguu ya suruali kwa kamba nyuki wasipenye. (Kamba ilitosha mguu mmoja.) Nikawasha taa, nikaingia ghalani kwa magoti.

Na jamani, ilifanya kazi. Ghala zima likawa jekundu. Nyuki walikuwa wametulia juu ya masega kama waumini wanaosubiri mahubiri. Nikakata sega la kwanza, nikalitia kwenye ndoo.

"Kijana, mbona kimya?" mzee akauliza kutoka nje.

"Wametulia, baba."

"Vizuri."

Neno hilo lilinipa kichwa. Nikaisogeza taa karibu zaidi nione vizuri. Nilisahau, mimi mwenye kazi yangu, kwamba karabai ni moto kabla haijawa mwanga. Nta ikalainika. Asali ikadondoka, tone moja, juu ya kioo.

Kioo kikapasuka. Mwanga mweupe ukajaa ghalani, na nyuki wote wakajua nilipo.

Nilikumbuka kuizima taa, ghala la watu lisiungue. Hilo naomba mlihesabu upande wangu. Nikatoka kinyumenyume. Nyuki walikuwa wameshaupata ule mguu usio na kamba, na hawakuishia gotini.

Sikuamua kuvua suruali. Iliondoka tu. Nikakimbilia migombani, nikashika njia ya kwanza niliyoiona, na njia ile ilikuwa ya mtoni.

Nikakutana uso kwa uso na Mama Kemunto.

Alikuwa na mtungi wa maji kichwani, mikono yote miwili juu, kwa hiyo hakuweza kufunika macho. Nami mikono yangu haikutosha. Tulisimama hivyo.

"Hujambo, mama," nikasema. (Sijui kwa nini.)

"Sijambo," akajibu, kwa mazoea. Ndipo akageuka, na mtungi ukaenda chini. Bila kutazama nyuma, akafungua leso yake ya begani, akaitundika kwenye mgomba, akaondoka haraka.

Nilirudi uani nimejifunga leso ya maua. Kemunto alikuwa ameinama jikoni, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Mzee Mogaka alikuwa bado kigodani, ila alikuwa amekihamishia upande wa pili wa uwanja, mbali na ghala.

"Nyuki wametoka," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe umetoka."

Nilikuwa nakiangalia kibanzi cha kioo chekundu kilichonata mguuni pangu kwa asali, nikisubiri kufukuzwa.

"Sikiliza," mzee akasema. "Kama wewe si mkwe wangu, basi ni mwendawazimu aliyepita shambani uchi, nami nitaita vijana wenye fimbo. Kama ni mkwe, umevunja chinsoni, na utaleta mbuzi tuitengeneze. Wewe ni yupi?"

Nilitazama jikoni. Kemunto alikuwa ameacha kucheka.

"Ni mkwe, baba."

"Basi kalete mbuzi. Na uje umevaa."

Hivyo ndivyo nilivyokubaliwa Marani. Leo taa nitaziwasha nikiwa nimesimama, msiniletee kiti. Na atakayecheka, jukwaani ataigiza gizani.